Shangazi, hii mboga imekatwa na nani?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtumishi wa umma, nina miaka 36. Naishi Kisasa hapa Dodoma na mume wangu na watoto wetu watatu. Ofisi yangu iko Mtumba. Natoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi, narudi saa 12 jioni, siku nyingine saa 1 usiku. Juu ya hapo nasoma shahada ya uzamili UDOM, kwa hiyo Jumamosi ambayo zamani ilikuwa ya soko, sasa ni ya vitabu.

Mwezi wa nane mwenzangu wa ofisini aliniunganisha na dada mmoja anayeuza "kapu la mapishi" kwa WhatsApp. Anakutumia orodha ya milo mitano ya jioni, unalipia wiki nzima, halafu Jumatatu na Alhamisi bodaboda anakuletea kila kitu kimeshapimwa: mchele wa siku hiyo, vitunguu vimekatwa, hoho na karoti zimekatwa, nyama imekatwa na kuungwa, nazi imekunwa, mpaka binzari ya kijiko kimoja ndani ya kikaratasi. Unafika, unawasha jiko, baada ya dakika 40 watu wanakula. Nikwambie ukweli, jioni ya kwanza nilikaa jikoni nikalia. Tangu tuhamie Dodoma mwaka 2019, ile ndiyo ilikuwa siku ya kwanza kufika nyumbani bila mtu kuniuliza, "Leo tunakula nini?"

Sasa bei. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za ofa, shilingi 60,000 kwa wiki. Baada ya hapo ni 95,000. Nimelipa kimyakimya miezi miwili. Mwezi uliopita Baba Watoto akaona meseji za miamala kwenye simu yangu, akapiga hesabu: laki tatu na themanini kwa mwezi. Akasema, "Yaani tunamlipa mtu laki nne kasoro atukatie vitunguu, na ada ya mtoto bado tunadaiwa?" Tangu siku hiyo kila nikipika anakaa anaangalia sufuria kama mkaguzi wa hesabu. Ametoa wazo tutafute dada wa kazi, wakati nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili.

Juzi mama mkwe amekuja kutoka Kongwa. Jumatatu aliniona nafungua pakiti ya mchicha uliokatwa, akaishika, akainusa, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hii mboga imekatwa na nani, na aliiosha lini?" Nikashindwa kujibu, Shangazi. Maana kusema kweli mzigo hufika saa 5 asubuhi, mimi sipo, bodaboda anamwachia jirani mwenye duka. Mimi nauchukua jioni.

Zamani nilipokuwa nanunua sokoni nilikuwa natupa pia. Nanunua sado zima la nyanya, Alhamisi nusu zimeoza. Na kuna wiki kapu lilikuja na tambi za krimu na uyoga, watoto wakazigoma, tukaishia kula mayai.

Natetea kitu cha maana au natetea uvivu wangu? Niache au niendelee?

Mama Watatu, Kisasa.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi, na mpe mama mkwe salamu zangu. Swali lake ndilo bora kuliko yote yaliyomo kwenye barua hii, na nitalirudia.

Nianze na hesabu, kwa sababu nyumbani kwenu kila mtu ana hesabu yake na zote zimekosewa.

Baba Watoto anasema mnapoteza laki tatu na themanini. Si kweli. Kapu lisingekuwepo mngekula mawe? Kinachopotea ni tofauti kati ya bei ya kapu na bei ya chakula hichohicho mkikinunua wenyewe. Jumamosi nilichukua orodha uliyoniambatanishia nikaenda nayo Soko Kuu la Job Ndugai pale Nzuguni, kalamu mkononi, wauzaji wakadhani natoka halmashauri. Kwa watu watano: pilau ya nyama nusu kilo na kachumbari yake, 12,000. Wali, maharage ya nazi na chainizi, 7,500. Kuku wa kisasa na ugali, 13,500. Sato, ugali na mchicha, 16,000, maana samaki huku kwetu anakuja kwa safari. Hizo tambi zenu za krimu, 9,000. Jumla 58,000.

Kwa hiyo kila wiki unalipa 37,000 juu ya chakula. Ondoa bodaboda mbili, tuseme 6,000. Ondoa na zile nyanya zako za kuoza; wewe mwenyewe umekiri, nami nitazihesabu 5,000 kwa wiki. Inabaki 26,000. Hiyo ndiyo bei ya kisu, ya kuzunguka sokoni, na ya kichwa cha mtu mwingine kufikiria mle nini. Kwa mwezi ni laki moja na elfu nne. Mwonyeshe Baba Watoto namba hiyo, siyo ile yake.

Na wewe usifurahi haraka. Umeniandikia kana kwamba kapu limekurudishia jioni yako yote. Limekurudishia saa tatu za soko siku ya Jumamosi, na kama nusu saa kila jioni ya kukatakata. Kwa wiki haizidi saa tano na nusu. Maharage bado unayachemsha wewe, ugali bado unausonga wewe, vyombo bado vinakusubiri wewe. Ukigawa, unanunua kila saa kwa karibu 5,000. Chukua mshahara unaobaki mkononi, ugawe kwa siku 22 za kazi na saa 8 kwa siku, halafu uangalie saa yako wewe inauzwa bei gani pale Mtumba. Kwa watumishi wengi namba hizo mbili zinakaribiana sana, na kwa wengine kapu linashinda mshahara.

Hapo mtu angekwambia acha. Mimi sisemi hivyo, maana saa za Jumamosi za mtu anayeandika tasnifu hazipimwi kwa mshahara. Ukiikosa tarehe ya kuwasilisha unalipa ada ya muhula mwingine, na hiyo ni makapu mengi. Kama Jumamosi hizo kweli unazisomea, una sababu. Kama unazilalia, ni haki yako pia, ila usiziite tasnifu ukizungumza na mumeo.

Biashara hii si ngeni duniani, hata kama WhatsApp ya Dodoma imeigundua juzi. Ilianzia Sweden mwaka 2007 na kampuni iliyoitwa Middagsfrid, jina linalogusa palepale unapoumia wewe, kwa sababu maana yake ni kama "amani ya mlo wa jioni". HelloFresh ikafuata Berlin mwaka 2011, na Blue Apron New York mwaka 2012. Blue Apron iliingia soko la hisa 2017 ikithaminiwa karibu dola bilioni 2. Mwaka 2023 ikauzwa kwa takriban dola milioni 103. Moja ya mambo yaliyoiumiza ni hilohilo lililokupata wewe: mteja anaingizwa kwa ofa, ofa inaisha, anaiona bei yenyewe, anaondoka, na kampuni inabidi imwage hela tena kumtafuta mwingine. Kwa hiyo ulipopandishiwa kutoka 60,000 hadi 95,000 hukuonewa peke yako. Ndivyo kazi hii inavyofanywa. Lakini kuna jambo la kukufaa hapo: huyo dada anajua kumpata mteja mpya ni gharama, na wewe ni wa miezi miwili, unalipa kabla ya mzigo. Una nguvu ya kupatana naye kuliko unavyodhani.

Halafu wenzetu wa Sweden wana sababu ambayo sisi hatuna. Kwao mtu anayekukatia mboga lazima umtafute kwenye kampuni. Kwetu yuko kwenye genge, amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, anakukatia chainizi huku unaiona na huku anakuuliza habari za watoto. Kisamvu kimetwangwa tayari. Karanga zimesagwa. Nazi inakunwa ukiwa umesimama. Anakutoza mia mbili, mia tatu, wakati mwingine hakutozi kitu kwa sababu wewe ni mteja wake. Nusu ya kile unachokilipia 95,000 kimekuwa kikiuzwa mjini hapa tangu kabla sijaolewa.

Na sasa soko lenyewe. Wewe unatoka Mtumba kuja Kisasa. Unapita Ihumwa, unapita Nzuguni. Soko la Job Ndugai unaliacha kando, karibu na stendi kuu ya mabasi, kila siku ya Mungu. Najua utasema ukishuka pale saa 12 jioni na mkoba na laptopu ni adhabu, na nakubali. Lakini kwenye barua yako ya kwanza kwangu, ile ya mwezi wa sita kuhusu mkopo, uliandika kwamba Baba Watoto ana mradi wa ujenzi Ihumwa na anaenda kwa pikipiki. Mwanangu! Mkaguzi wa hesabu anapita mlango wa soko kila jioni, pikipiki yake haina mzigo, halafu anakuja nyumbani kuikagua sufuria! Hii nimecheka peke yangu, msinichukie.

Mpe orodha. Usimwambie "nunua mboga", atakuletea tikiti. Andika: nyanya kilo moja, vitunguu nusu kilo, chainizi mafungu mawili yakatwe, nazi moja ikunwe, nyama nusu kilo. Siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi. Akikataa, basi ajue anachokikataa: 26,000 anazozilalamikia ndiyo malipo ya kazi ambayo yeye angeweza kuifanya kwa kusimama dakika 20.

Sasa nirudi kwa mama mkwe, na hapa sibembelezi mtu. Mzigo unafika saa 5 asubuhi. Una nyama mbichi iliyokatwa, siku nyingine kuku, siku nyingine samaki. Unakaa dukani kwa jirani mpaka saa 12 jioni. Hiyo ni saa saba, Dodoma, na miezi hii ya kabla ya mvua wote tunaijua. Hata kivulini unatafuta ukuta wa ubaridi wa kuegemea. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kinachoharibika kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kihifadhiwe chini ya nyuzi 5. Jirani yako anauza soda, huenda ana friji, lakini je, anaitia humo nyama yako? Umewahi kumuuliza? Kuiunga hakuilindi. Ndimu na tangawizi zinaweza kuficha harufu, na hilo ni baya zaidi kwa sababu pua ndiyo mlinzi uliyekuwa umebaki naye.

Mboga nazo zikikatwa zinaharibika haraka kuliko zikiwa nzima, na mchicha unaoshwa kabla ya kukatwa, siyo baada. Ukiuosha ukishakatwa unamwaga uzuri wake na maji. Kwa hiyo swali la "aliiosha lini" lina sehemu mbili, na huyo dada anatakiwa azijibu zote. Mpigie umuulize anaosha kwa maji gani, anakata saa ngapi, anahifadhi wapi mpaka bodaboda afike. Mtu msafi hukasirika kidogo kisha anakueleza. Anayekwepa, mwache leoleo, hata kama angekuuzia kwa 30,000.

Wazo la dada wa kazi nalipita haraka. Mtu anayelala kwenu, anayekula kwenu, anayestahili mshahara wa maana na siku ya kupumzika, si mbadala wa vitunguu vilivyokatwa. Na katika vyumba viwili mtamlaza wapi, jikoni? Tuliache.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Nisingeacha kapu lote, ningelikata miguu. Mwambie huyo dada: siku mbili tu kwa wiki, Jumatatu na Jumatano, zile siku unazochelewa. Nyama na samaki asiweke kabisa, utanunua mwenyewe. Mzigo ufike saa 12 jioni, mkononi mwako au mwa mtoto mkubwa. Tambi za krimu asikuletee tena mpaka kiama. Akupe bei. Isizidi 25,000 kwa siku hizo mbili. Ikizidi, shukuru na uondoke. Siku tatu zilizobaki ni za Baba Watoto na orodha yake, kama 36,000, ongeza 6,000 za nyama ya pilau. Jumla 67,000. Umeokoa 28,000 kwa wiki, zaidi ya laki kwa mwezi, na Jumamosi yako haijaguswa. Iandikie mwisho wake pia: siku unayowasilisha tasnifu, hata hizo siku mbili zinarudi mezani kujadiliwa.

Jumamosi usiku loweka maharage kilo moja, Jumapili asubuhi yachemshe yote kwa mara moja, gawa kwenye vikopo, weka kwenye freza. Yakiwa yamelowekwa yanaiva upesi, na mtungi wa gesi utauona unavyodumu. Sufuria hiyohiyo ikitoka, kaanga vitunguu na nyanya nyingi mpaka zishikane, nazo zigawe kwenye vikopo. Hiyo rosti ndiyo nusu saa unayoilipia kila jioni. Nyanya zikishuka bei, nunua sado lako bila hofu, maana sasa haziozi. Hapo ndipo kapu linapokuibia kimyakimya: Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, bei ya mboga inapanda na kushuka kama ngazi, lakini bei ya kapu haishuki hata mwezi ambao mchicha unakaribia kugawiwa bure.

Kuhusu miezi miwili ya kulipa kimyakimya, nitasema kidogo tu. Baba Watoto hakukasirishwa na vitunguu. Alikasirishwa kuzikuta meseji za miamala kwenye simu wakati ada inadaiwa. Mwombe radhi kwa hilo, kwa maneno machache, kabla hujamwonyesha hesabu zangu. Ukianza na hesabu atadhani tumemsema.

Na mama mkwe kabla hajarudi Kongwa, mwambie akuachie mlenda mkavu, ule wa unga. Nina hakika kwenye mfuko wake upo; sijawahi kumwona mama wa Kigogo akitembea kwa mwanawe mikono mitupu. Umekaushwa, umetwangwa, unakaa miezi bila friji. Maji yachemke, nyanya moja, magadi kidogo sana, mlenda, karanga zilizosagwa zitie mwisho. Dakika kumi. Ugali wa uwele utakuchukua muda mrefu kuliko mboga yenyewe. Watoto wakiugoma siku ya kwanza usihangaike na mayai. Mwache bibi yao ndiye awalishe.